Kiboko na Hodi Zisizokwisha

Paukwa!

Pakawa! Pakawa! Pakawa!

Nimesikia! Nimeita mara moja, mmeitika kama mvua ya mawe, na yule pale nyuma bado anaitika. Paukwa moja, pakawa moja. Tukubaliane hivyo, la sivyo nanyamaza na mkalale bila hadithi. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo mtu anaweza kusema na akasikika. Shikeni hilo hilo, maana ndilo lililowashinda wanyama.

Hapo kale katikati ya nyika palikuwa na njia panda, na hapo njia panda palikuwa na kisiki, na juu ya kisiki aliketi Bwana Nungunungu. Kazi yake ilikuwa kujua njia. Mbayuwayu walizunguka nyika nzima, wakarudi kwake na habari. Njia ya kusini ina simba. Kisima cha mwambani kimekauka. Malisho ya kule yameota. Wao wanaleta, yeye anasikiliza, anaweka kichwani. Mnyama mwenye safari anakuja, anauliza, anajibiwa, anakwenda zake. Nyika nzima ilitembea kwa kichwa cha Nungunungu.

Na Nungunungu alikuwa mwungwana. Hakujibu swali lolote bila salamu. Ukifika lazima upige hodi, ukaribishwe, mkaulizane habari za asubuhi na habari za nyumbani, ndipo useme shida yako. Ndivyo alivyolelewa, na watu wakampenda kwa hilo. Tabia nzuri kabisa. Ngojeni muone ilivyotaka kumtoa roho.

Siku moja akaja Bi Kirukanjia. Mnamjua kirukanjia? Ni yule mdogo kuliko panya, mwenye pua ndefu. Mwili kiganja, hasira gunia. Asubuhi hiyo alikuwa amevuka mto kutafuta mchwa, akawaacha watoto wake ng'ambo, kwenye shimo la ukingo wa mchanga. Nyuma yake mvua ikanyesha milimani. Mto ukaanza kuvimba.

Njia za kurudi zilikuwa mbili. Juu kulikuwa na Daraja la Gogo. Chini kulikuwa na Kivuko cha Mawe. Hii huku, hii kule, na kwa miguu ile ya kirukanjia angeweza kuifikia moja tu kabla maji hayajaingia shimoni. Akichagua iliyovunjika, hana watoto.

"Nitamuuliza Nungunungu," akajisemea. "Neno moja tu. Gogo au mawe."

Akakimbia, tii tii tii, mpaka njia panda.

Kufika, lo! Vumbi, kelele, kukuru kakara. Tembo amesimama, punda milia wamesimama, twiga amesimama na shingo yake ikizuia jua. Hakuna anayekwenda, hakuna anayerudi. Pembeni ameketi Ngiri, anapuliza mkia wake. Umebaki nusu.

"Umefanya nini?" akauliza Bi Kirukanjia.

"Nilimuuliza njia ya kusini ikoje, akaniambia shwari. Nimekutana na simba uso kwa uso!" Ngiri alikuwa karibu kulia. "Habari aliyonipa ni ya jana. Mbayuwayu wana habari mpya mdomoni lakini hawapati pa kutua. Tazama mwenyewe."

Bi Kirukanjia akatazama. Juu ya kisiki Nungunungu alikuwa hoi, macho mekundu, miiba imelala. Na juu yake kulikuwa na kwelea. Wale ndege wadogo wa mtamani. Wingu zima.

Puruu! Mmoja anatua.

"Hodi, Bwana Nungu!"

"Karibu."

"Habari za asubuhi?"

"Njema."

"Za nyumbani?"

"Njema."

"Nyasi za Bondeni zimeiva?"

Nungunungu anafungua mdomo ajibu. Puruu! Anatua mwingine.

"Hodi, Bwana Nungu!"

Sasa mwungwana anaachaje hodi? "Karibu," anasema Nungunungu.

"Habari za asubuhi?"

"Njema."

"Za nyumbani?"

"Njema."

"Nyasi za Bondeni zimeiva?"

Anafungua mdomo. Puruu!

Hivyo hivyo, hivyo hivyo. Tangu alfajiri Nungunungu alikuwa amesalimiwa mpaka koo limekauka, na tangu amjibu Ngiri hajajibu swali hata moja.

"Bwana Nungu!" akaita Bi Kirukanjia kutoka chini. "Gogo au mawe?" Sauti yake ikamezwa na mabawa. Akaita tena. Tembo akamwambia, "Panga foleni, mama." Bi Kirukanjia alitamani kumng'ata Tembo, ila hakujua aanzie wapi.

Kila penye tatizo pana fundi wa kujitangaza, na hapa alikuwa Ngedere. Alipanda juu ya jiwe akapiga makofi.

"Jamani, mimi nimelijua tatizo. Ni masikio. Masikio ya mzee yamejaa nta."

Wakamsafisha masikio kwa unyoya. Nungunungu akasikia vizuri sana. Zamani alikuwa akisikia hodi za karibu, sasa akasikia na za mbali.

"Basi ni upweke," akasema Ngedere. "Mpeni msaidizi."

Wakamleta shemeji yake Nungunungu, wakamkalisha kwenye kisiki cha pili. Kwelea wakaona visiki viwili, wakafurahi, wakaita ndugu zao waliokuwa wamekosa pa kutua. Jua halijasogea, nungunungu wote wawili wako hoi, na sasa wanyama wana kazi ya kuwapepea wawili.

"Nilitaka kusema hivyo tangu mwanzo," akasema Ngedere. Mnawajua watu hao. "Dawa ni moja. Alale, aamke. Mwenye kulala na kuamka huamka mpya."

"Dakika zinakwenda!" akapiga kelele Bi Kirukanjia. "Mto unajaa!"

"Mama, usiingilie ufundi," akajibu Ngedere.

Wakamfunika Nungunungu kwa majani. Akalala, koroo, koroo. Wote wakanyamaza, wakasubiri. Kwelea nao wakasubiri, wamejaa kila tawi, kila mmoja na hodi yake mdomoni. Halafu wakamfunua. Nungunungu akaamka, macho meupe, uso wa furaha.

"Nani wa kwanza?" akauliza.

HODI!

Kwelea wote kwa pamoja. Nungunungu aliruka kwa mshtuko, akaanguka kutoka kisikini, pu! Akamwangukia Ngedere. Miiba ikafanya kazi yake, na kwa muda mrefu Ngedere hakutoa ushauri mwingine wala hakukaa kitako.

Bi Kirukanjia akashika kichwa. Mto anausikia sasa, unanguruma kwa mbali. Watoto wake wako kwenye mchanga, na huku wakubwa wazima wanachokonoa masikio.

"Mnamtibu anayeulizwa!" akafoka. "Nani amemtazama anayeuliza?"

Hakuna aliyekuwa amemtazama. Basi Bi Kirukanjia akaruka, akamdaka kwelea mmoja mguu.

"Wewe! Mbona umekuja tena? Si ulikuja sasa hivi?"

"Nilikuja, sikujibiwa," akasema kwelea.

"Nani amekutuma?"

"Mheshimiwa Kiboko."

"Na huyu?"

"Kiboko."

"Na wale?"

"Kiboko. Sote ni wa Kiboko."

"Nyote mmetumwa swali moja?"

"Alitumwa mmoja," akasema kwelea. "Lakini amri ya Mheshimiwa ni hii: asiyejibiwa, arudi na wenzake wawili."

"Na hao wawili wasipojibiwa?"

"Kila mmoja arudi na wenzake wawili."

Bi Kirukanjia akafikiri jambo hilo linavyokwenda, kizunguzungu kikampata. Akamwachia ndege. Akakimbia, tii tii tii, mpaka bwawani kwa Kiboko, ambapo hapakuwa mbali.

Kiboko alikuwa majini, ameegemeza kidevu ukingoni, ameridhika.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Niko hapa chini. Mheshimiwa, nakuomba, waite ndege wako. Wamemzidi Nungunungu. Hajibu mtu. Nina watoto ng'ambo ya mto, nataka kujua nivukie wapi."

Kiboko akapiga mwayo, na mwayo wa kiboko ni shimo la kutosha ukoo mzima wa kirukanjia. "Sikiliza. Nyasi za Bondeni zikiiva, nataka nijue kabla zenyewe hazijajua. Nifike wa kwanza, nile, nimalize, swala akija akute mashina. Sasa nisiulize?"

"Uliza, lakini uliza mara moja!"

"Mwenye swali dogo huuliza mara moja. Mimi ni mkubwa."

"Na watoto wangu?"

"Ni wadogo," akasema Kiboko. "Hata wakilowa, hawatalowa sana."

Eh! Hasira ilimpanda Bi Kirukanjia kutoka mkiani mpaka kwenye ncha ya pua, ikakaa pale ikitetemeka. Lakini mdogo hamng'ati kiboko. Akavuta pumzi, akatoa sauti tamu ya asali.

"Kweli, Mheshimiwa. Tena mimi nimekuonea huruma. Wanakudharau."

"Nani?" Kiboko akainua kichwa. "Nani ananidharau?"

"Kwelea wako. Kule kwa Nungunungu, mtu wa kisikini tu, wanabisha hodi, wanamsalimu, wanamuuliza habari za nyumbani. Je, wakikuletea jibu hapa kwako, hufanya hivyo?"

Kiboko akafikiri. "Hapana. Hupiga kelele tu kutoka hewani."

"Kama wanaita mbuzi," akasema Bi Kirukanjia, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mkubwa mzima."

"Kumbe!" Kiboko akapiga maji, pwaa! "Kumbe nadharauliwa nyumbani kwangu! Kuanzia leo, kwelea atakayeniletea jibu apige hodi. Anisalimu salamu zote. Nami nitamwitikia mwenyewe, kichwa nje ya maji, mpaka amalize, maana mimi ni mwungwana kuliko Nungunungu."

"Maneno ya mkubwa hayo," akasema Bi Kirukanjia. "Na kama kwa bahati mbaya kuna mmoja hukumwitikia?"

"Amri yangu haibadiliki," akasema Kiboko. "Asiyejibiwa, arudi na wenzake wawili."

"Kwaheri, Mheshimiwa," akasema Bi Kirukanjia, akaondoka mbio. Kiboko akawaita kwelea waliokuwa karibu, akawapa amri, nao wakaisambaza kwa wenzao.

Huko njia panda Nungunungu alikuwa amerudishwa kisikini, hajiwezi. Bi Kirukanjia akampanda mgongoni katikati ya miiba, akamfikia sikio. Hapo nta haikuwepo tena, tumshukuru Ngedere kwa hilo moja.

"Bwana Nungu, waache na hodi zao. Toa jibu."

"Bila salamu?" Nungunungu akashtuka. "Mimi?"

"Ndege hawa umewasalimia tangu alfajiri. Mtu aliyekwisha kukusalimu asubuhi, unamwamkia tena asubuhi hiyo hiyo? Salamu zao zimekwisha. Limebaki swali, na swali lao ni moja. Jibu mara moja, wasikie wote."

Nungunungu akafikiri, akaona hapo adabu haijavunjwa. Akavuta pumzi, akasema kwa nguvu zake zote:

"Nyasi za Bondeni zimeiva tangu jana!"

Puruuuu! Wingu zima likanyanyuka. Kila kwelea alitumwa, kila kwelea amejibiwa, kila kwelea lazima apeleke jibu kwa aliyemtuma. Wakaenda bwawani. Kisha njia panda pakawa kimya, mpaka Nungunungu akasikia pumzi yake mwenyewe. Mbayuwayu wakashuka haraka wakamtulia begani, wakamwaga habari zote walizokuwa wamezishika tangu asubuhi.

"Sasa!" akasema Bi Kirukanjia. Tembo akataka kusema neno kuhusu foleni, Ngiri akamtazama vibaya, akaliacha.

Nungunungu akakohoa, akaweka miiba yake sawa, akatabasamu.

"Karibu, Bi Kirukanjia. Habari za nyumbani?"

"Sijui habari za nyumbani!" Bi Kirukanjia akapiga kelele, na machozi yakamtoka papo hapo mbele ya wote. "Ndizo nilizokuja kuuliza!"

Nungunungu akamtazama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mzee yule akaacha salamu.

"Gogo limechukuliwa na maji," akasema. "Mawe bado yanaonekana. Kimbia."

Akakimbia! Tii tii tii, hakugeuka. Njia ya kwenda kwenye mawe ilipita bwawani, na bwawani kulikuwa na shughuli.

"Hodi, Mheshimiwa!"

"Karibu."

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

"Njema."

"Za nyumbani?"

"Njema."

"Za afya?"

"Njema."

"Nyasi za Bondeni zimeiva tangu jana."

"Ahsante, ngoja nien..."

Puruu! "Hodi, Mheshimiwa!"

Jua lilikuwa kali. Kiboko amesimama kichwa na mabega nje ya maji, ngozi imeanza kuwaka, na mbele yake kwelea wamepanga mstari kutoka ukingoni mpaka upeo wa macho. Nyasi zimeiva, amekwisha kuambiwa, na hawezi kutoka kwenda kuzila kwa sababu ana wageni. Kwa mbali aliwaona swala wakiteremka Bondeni, mmoja mmoja, bila haraka.

"Wewe mdogo!" akaita alipomwona Bi Kirukanjia akipita. "Shikamoo! Naungua! Nifanye nini?"

Bi Kirukanjia hakusimama. "Zamisha kichwa, Mheshimiwa! Ukiwa chini, hodi huisikii!"

"Umesema kweli!" akasema Kiboko. Chubwi! Akazama.

Kwelea wa mbele akapiga hodi, hakujibiwa. Wa pili hakujibiwa. Wa tatu hakujibiwa. Na amri ya Mheshimiwa haibadiliki. Wakaenda kuita wenzao, kila mmoja wawili. Kiboko alipotoa pua kuvuta pumzi, mbingu ilikuwa nyeusi.

HODI!

Chubwi! Akatoa pua tena. Wamezidi.

HODI!

Tumwache hapo kidogo, hana pa kwenda.

Bi Kirukanjia alifika kivukoni. Mawe yalikuwa bado juu ya maji, madogo madogo, na maji yakiyalamba. Akaruka la kwanza. Akaruka la pili. La tatu likatikisika, akateleza, akashika kwa kucha, akapanda. Alipofika ng'ambo na kugeuka, la kwanza lilikwisha kumezwa. Akakimbia na ukingo mpaka shimoni, akakuta maji yako mlangoni. Akaingia, mtoto wa kwanza akamshika mkia kwa meno, wa pili akamshika mwenzake mkia, wa tatu akamshika wa pili, kama wafanyavyo kirukanjia mpaka leo, wakatoka mstari mmoja wakipanda mlima. Nyuma yao shimo likaingia maji, likabomoka.

Huko juu pakavu watoto wakaanza. "Mama, umeleta mchwa? Mama, mbona umechelewa? Mama, nyumba yetu iko wapi? Mama, mbona unalia? Mama! Mama! Mama!"

"Mmoja mmoja!" akasema Bi Kirukanjia, akaketi chini, akacheka mpaka pua ikamuuma.

Na Kiboko? Jioni ilipofika aliifuta amri. Aliifuta kwa kulia. Akawaambia kwelea waende popote watakapo, mradi wasimjulie hali. Kwelea walikuwa wamezoea kwenda pamoja, wakaenda pamoja kwenye mashamba ya mtama, na ndiyo maana mpaka leo mnashinda huko mnapiga madebe kuwafukuza. Nyasi za Bondeni zilibaki mashina, swala wamemaliza. Na Kiboko tangu siku hiyo mchana hatoki majini. Anatoa pua na masikio tu, anasikiliza kama kuna mgeni. Akisikia bawa, chubwi! Chakula anakwenda kutafuta usiku, ndege wakiwa wamelala.

Sasa funzo, maana najua wazazi wenu wananisikiliza. Kuuliza si ujinga, wanangu. Basi ulizeni. Usipojibiwa, uliza tena. Usipojibiwa tena, kamlete na ndugu yako. Na msisahau salamu, ndefu ndefu, kwa sababu salamu haijawahi kumdhuru mtu yeyote. Muulizeni Kiboko.

Nini? Wewe wa nyuma, umenyoosha mkono wa nini? Na wewe? Nyote? Aa, hapana. Nimesema ulizeni, sikusema mniulize mimi.

Hadithi nimeibeba mpaka hapa. Aliyeipenda aichukue aende nayo. Asiyeipenda aiache mlangoni, na tafadhali, asipige hodi.